Sikio la Kushoto la Papa Bosco

Siku Papa Bosco aliporudi mezani kwangu baada ya kutoka hospitali, walikuwepo watu hawa: Papa Ramazani, mwalimu wangu wa kazi, kwenye kiti chake cha kamba, mdogo wangu Amisi, aliyekuwa ameegesha pikipiki yake kivulini, mdogo wetu wa mwisho, Mado, aliyeniletea lituma, ndizi za kupondwa, kwenye bakuli lenye kifuniko, Mama Sifa, muuza mikate wa meza ya jirani, na Papa Bosco mwenyewe, kaske yake, kofia ya pikipiki, mkononi. Mimi ni wa sita. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja alisikia alichosema Papa Bosco siku ile, na hakuna hata mmoja aliyesikia nilichopaswa kumjibu.

Nimeacha kazi mwaka huu. Macho hayaoni tena waya mwembamba, na mkono wa kuume unatetemeka risasi ya kuungia waya inapoyeyuka. Ninyi mlioshika meza baada yangu mliniomba niandike jinsi tulivyoanza kutia sauti ndani ya kaske hapa mtaani Kabondo, ili dereva asikie simu yake akiwa njiani bila kusimama. Mnasema mimi ndiye niliyeanzisha. Nitaandika. Mtapata humo mambo ya spika, ya mikro yaani maikrofoni, na ya upepo, kama mlivyotaka. Mtapata pia jambo ambalo hamkuliomba.

Nilianza kazi kwa sababu ya sufuria tupu. Baba alifariki mvua zilipoanza, na mama akamfuata kabla mvua hazijakwisha. Nilikuwa darasa la sita, Amisi alikuwa akijifunza kusoma, na Mado alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Ndugu wa baba walikuja kutoka Maniema kwa matanga, wakakaa, wakala, kisha wakaanza kutugawa: Amisi aende Kindu, Mado aende Opala kwa shangazi, mimi nibaki mjini nimsaidie mke wa tonton, yaani baba mdogo. Nikasema hakuna anayekwenda popote, mimi nitasimama mbele yao. Tonton mmoja akaniangalia, nimevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo nzima niliyokuwa nayo.

"Na utabalisha nini, mutoto? Kalamu?"

Jumatatu iliyofuata sikwenda shule. Nilikwenda kwa Papa Ramazani, fundi wa redio, mtu wa familia za Kiislamu zilizokaa mji huu tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Alikuwa jirani yetu, na baba alizoea kusikiliza taarifa ya habari kwake kwa sababu redio yetu ilikuwa ikitengenezwa kwake siku zote.

"Mutoto mwanamuke atafanya nini na redio?" aliniuliza.

"Ile mwanaume anafanya."

Akanipa ufagio. Nilifagia na kupanga skrubu kwa ukubwa muda wa miezi mitatu. Alitaka kuona kama nitachoka. Alichoka yeye kwanza, akaniita nikae karibu, akaweka mbele yangu redio iliyokuwa ikikoroma, akaniambia nifumbe macho.

"Usifungue kitu kabla hujaisikia," alisema. "Kwanza sikio, halafu bisibisi."

Hilo ndilo somo lake la kwanza na la mwisho. Mengine yote yalikuwa maelezo. Papa Ramazani hakutupa kitu. Waya wa urefu wa kidole aliuweka kwenye kopo, spika iliyochanika aliiweka kwa ajili ya sumaku yake. Kitu kimoja tu kilitupwa dukani kwake, nacho kilikuwa frigoliti, ile nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya katoni za televisheni na redio mpya, ile inayovunjika kuwa chembe na kung'ang'ania nguo. Kuitupa ilikuwa kazi yangu ya kila asubuhi. Nililichukia vumbi lake jeupe kuliko nilivyochukia ufagio. Naomba mlikumbuke hilo.

Miaka ikapita kwenye redio na kaseti. Amisi akakua, akaendesha baiskeli ya abiria kama vijana wote wa mji huu, kisha pikipiki. Papa Ramazani macho yake yakachoka kama yangu sasa, akanihamishia meza, naye akabaki na kiti cha kamba. Simu za mkononi zikaingia. Redio zikapungua. Nikawa nabadilisha vioo vya simu zilizoanguka, na polepole nikagundua kwamba simu zote zimeanguka kwa namna moja: madereva walikuwa wakizichomeka ndani ya kaske, kati ya shavu na sponji, wasikie zikilia. Barabara ikiwa na shimo, simu inatoka. Na mnazijua barabara zetu.

Wa kwanza kuniletea kaske badala ya simu alikuwa Papa Bosco. Alikuwa mtu mnene, mzaliwa wa Barumbu, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ng'ambo ya pili. Mke wake alikuwa akileta samaki wa kukaushwa kwa boti, na boti hufika inapotaka.

"Yaya Feza," alisema, kwa maana kila mtu aliniita Yaya, yaani dada mkubwa, kwa kumwiga Amisi, "mama ya batoto anafika kwa bandari, ananiita mara kumi na mbili. Mimi niko njiani, sisikie kitu. Ile mara ya kumi na tatu, anakuja yeye mwenyewe."

"Na unataka nikufanyie nini?"

"Utie simu ndani ya kichwa yangu. Bon, ndani ya kaske."

Nilichukua spika mbili ndogo za kinasa sauti kilichokufa, nikazifungia kwenye sponji ya mashavu, nikapitisha waya nyuma ya shingo hadi kwenye simu mfukoni. Pikipiki ikiwa imesimama ilikuwa raha tupu. Papa Bosco alicheza dansi palepale. Kisha akaondoka, na alipofika kwenye barabara ya lami hakusikia kitu ila upepo. Alirudi akiwa amenuna. Nikakumbuka kwanza sikio, halafu bisibisi. Nikavaa kaske mwenyewe, nikapanda nyuma ya Amisi, tukaenda na kurudi hadi daraja la Tshopo, nikiwa nimefumba macho. Mama Sifa alisema anajua wanawake wanaofumba macho kwenye pikipiki kwa woga, lakini si kwa masomo.

Nilijifunza hivi, nanyi mmejifunza kwangu, lakini acheni niandike kwa mpangilio. Spika ikikaa nje ya tundu la sikio kwa upana wa kidole kimoja tu, nusu ya sauti inapotea, na besi yote inakwenda nayo. Lakini sikio haliko mahali pamoja kwa kila mtu, na mwenyewe hawezi kukuonyesha akishavaa. Ndipo nikaanza kumpaka mteja unga wa makaa kwenye ukingo wa sikio, nikaweka karatasi ndani ya kaske, akaivaa na kuivua, na karatasi ikaniambia. Kwa miezi kadhaa madereva wa Kabondo walitembea na masikio meusi. Kanisani walijulikana.

Upepo ulinisumbua zaidi. Watu walidhani dawa ni kuongeza sauti. Si kweli, ukiongeza sauti unaongeza kelele mbili badala ya moja. Dawa ni kupunguza upepo kwanza: kitambaa kinene chini ya kidevu, na pamba laini kidogo masikioni, kisha unashangaa sauti ya spika inakuja safi na ya chini. Hakuna aliyeniamini.

"Unataka nisikie, halafu unaniziba?" aliniuliza dereva mmoja, akageuka kumwangalia Papa Ramazani kama mtu anayetafuta mtu mzima wa kuongea naye.

Papa Ramazani hakuinua kichwa. "Jaribu kwanza. Kukasirika utakasirika kisha."

Kuhusu mikro, niliiweka mbele ya mdomo kama nilivyoona kwa watangazaji, na Papa Bosco alipompigia mke wake akiwa juu ya daraja, mama huyo alimwuliza anakaanga samaki wa nani. Pumzi na upepo vilikuwa vikipiga mikro moja kwa moja. Niliisogeza kwenye pembe ya mdomo, nikaivika sponji ya godoro, na juu ya sponji kipande cha soksi nyembamba ya mwanamke. Soksi alinipa Mama Sifa, akasema siku hiyo ndiyo ya kwanza soksi ile kumfaa mtu.

Kulikuwa na kesi ngumu. Dereva Mwislamu aliyekataa kuvua kofia yake chini ya kaske, na kofia ile ilisukuma spika juu kila alipogeuka. Nilimshonea mfuko wa spika kwenye kofia yenyewe. Mwalimu wa kike aliyesuka nywele upya kila wiki mbili, na kila msuko ulilihamisha sikio. Kwake spika zilishikwa kwa kitambaa cha kunasa ili azisogeze mwenyewe. Hizi ndizo siku nilizopenda kazi. Kama ningekoma hapo, ningeandika kitabu kizuri.

Shida iliyobaki ilikuwa maumivu. Spika zangu za kuokota zilikuwa nene. Zilibana ukingo wa sikio, na baada ya safari ndefu dereva alishuka akiwa na kichwa kinachogonga. Papa Bosco alilalamika zaidi, kwa kuwa alikuwa ameanza kuvuka mto na kupeleka abiria kwenye barabara ya Opala, mwendo wa siku nzima. Nikafungua sponji ya kaske yake kutafuta nafasi. Chini ya sponji nikakutana na rafiki yangu wa zamani, frigoliti nyeupe, nene kama vidole viwili, imezunguka kichwa chote.

Nilifurahi. Naona haya kuandika neno hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nafasi yote ile, na imejazwa takataka. Nilipasha kisu juu ya makaa, nikachonga shimo la mviringo kila upande, upana wa kitako cha glasi. Kisu kilipita bila kusukumwa. Spika ikazama, sponji ikarudi juu yake, sikio likapumua. Papa Bosco aliivaa, akafumba macho, akatabasamu kama mtu aliyelala kwenye godoro jipya.

Papa Ramazani aliokota kipande nilichokitoa, akakigeuzageuza.

"Hii iko na kazi gani ndani?"

"Ya kujaza nafasi, papa. Kama ile ya karto ya televizio."

"Na ndani ya karto, iko na kazi gani?"

Nilikuwa na wateja wanne wamesimama. "Ya kutupwa," nilisema, na Mama Sifa akacheka, nami nikacheka. Papa Ramazani alikiweka kile kipande mezani, taratibu, akarudi kwenye redio yake.

Tangu siku ile nilichonga kaske zote. Watu walikuja kutoka komuni nyingine za mji kwa sababu sauti yangu haikuumiza. Walisema Yaya Feza ana mkono.

Papa Bosco alianguka kwenye barabara ya Opala, mchana, mvua ikiwa imeshakatika. Gurudumu la mbele liliteleza kwenye tope, naye akatua kwa upande wa kushoto kwenye gogo la daraja dogo. Abiria wake aliumia mkono. Yeye alibebwa hadi mtoni bila fahamu. Amisi ndiye aliyeniletea habari, na nakumbuka neno lililonitoka kwanza: "Alikuwa amevaa kaske?" Amisi akasema ndiyo, alikuwa amevaa. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, mbele ya wateja.

Miezi miwili baadaye ndipo ikaja ile siku niliyoanza nayo.

Alikuwa amekonda. Aliketi kwenye kibao cha wateja, na kila mtu alipozungumza aligeuza kichwa chote, kama kuku.

"Yaya Feza, kaske yako iliniokoa," alisema. "Munganga ya hospitali alisema, bila kaske, leo munakula matanga yangu."

"Papa Bosco, hata kwa matanga yako ungechelewa," akasema Amisi, na watu wakacheka, Papa Bosco kuliko wote.

Mama Sifa alimpa mkate, akakataa mkono wake uliokuwa ukiingia mfukoni. "Kula. Unatisha mbwa."

"Sasa sikia," Papa Bosco aliniambia, akaiweka kaske mezani mbele yangu. "Sikio ya kushoto haisikie tena. Iko kama mulango ya kufungwa. Alors, ile sauti ya kushoto, uilete huku. Zote mbili upande wa kuume. Unaweza?"

"Naweza."

Hilo ndilo jibu langu pekee kwake siku ile. Nilifungua sponji upande wa kushoto. Shimo langu lilikuwa palepale, mviringo, safi, kazi nzuri. Kutoka kwenye ukingo wake frigoliti ilikuwa imepasuka kwenda juu na kwenda chini hadi mwisho, na gamba la nje lilikuwa limebonyea juu ya shimo hilohilo. Nilifungua na upande wa kuume, ingawa sikuhitaji. Kule hakukuwa na ufa.

Nilisimama na bisibisi mkononi, nikamsikia Papa Ramazani akiniuliza tena, katikati ya kicheko changu, ndani ya karto iko na kazi gani. Televisheni inatoka mbali, inaangushwa bandarini, inarushwa kwenye lori, na kioo chake hakivunjiki, kwa kuwa ile nyeupe imepokea kishindo. Jibu hilo nilikuwa nimelibeba mikononi na kulitupa kila asubuhi tangu utoto.

Papa Ramazani alinyoosha shingo, akaona. Alichukua kitambaa chake cha kufutia vumbi, akakiweka juu ya kaske.

"Yaya, unalia?" akauliza Mado.

"Moshi ya risasi."

Papa Bosco aliinuka, akaweka mkono wake mzito kichwani kwangu. "Anasikia huruma. Acha, Yaya. Niko muzima."

Nilimwambia kaske ile imechoka, nikachukua nyingine iliyokuwa rafuni, nzima, ambayo kisu changu kilikuwa hakijaifikia, nikamfanyia humo. Kwa ajili yenu: mtu wa sikio moja usimpe spika moja tu na kuiacha nyingine, kwa sababu nusu ya muziki na wakati mwingine nusu ya maneno yatabaki kwenye waya. Unganisha pande mbili kabla ya spika, kila upande kupitia rezistansi yake ndogo ya kupunguza umeme, ili usiunguze simu. Nilimfanyia vizuri. Pengine haijawahi kutoka mikononi mwangu kazi nzuri kuliko ile. Alivaa, akasikiliza, akasema, "Sasa nasikia mambo yote," akaenda zake akiwa amefurahi.

Watu walipotawanyika Papa Ramazani aliniuliza, "Utamwambia lini?"

"Kesho."

Baada ya wiki aliniuliza, "Kesho imeshafika?" Aliniuliza hivyo mara chache tu katika miaka aliyobaki nayo, bila ukali, kama mtu anayeuliza kama mvua imeacha. Mara ya mwisho alikuwa kitandani kwake, nami nikamwambia imekaribia. Alifumba macho. Sijui kama aliniamini. Alikuwa fundi, alijua kusikiliza kifaa kibovu.

Mtaniuliza kwa nini. Nilikuwa na majibu tayari, na yalikuwa ya kweli. Mado alikuwa akisomea uuguzi na meza ile ndiyo iliyomsomesha. Amisi alikuwa dereva, na madereva wangesema dada yake ndiye aliyeitoboa kaske ya Papa Bosco. Kama jambo lingejulikana, hakuna ambaye angeniachia tena kichwa chake. Yote kweli. Lakini niliwaambia ndugu wa baba kwamba nitasimama mbele ya wadogo zangu, na pale nilisimama nyuma yao, watu wazima wawili, warefu kuliko mimi. Tena daktari hakuniambia kama sikio lile lingepona frigoliti ikiwa nzima. Labda lingekufa tu. Sikumwuliza, kwa kuwa niliogopa jibu moja kati ya mawili, na mnajua ni lipi.

Nilichofanya ni hiki. Niliandika kwenye daftari majina ya wote niliowachongea, kadiri nilivyokumbuka, nikaanza kuwatafuta mmoja mmoja. Sikuwaambia ukweli hata wao. Niliwaambia, "Kaske yako imeoza ndani kwa jasho, tafuta nyingine, nitakutilia sauti bure." Kaske nilizozipata nilizipasua mwenyewe kwa shoka, zisivaliwe tena. Walinishukuru. Walisema hakuna fundi anayefuata wateja nyumbani kwao kama Yaya Feza. Niliyameza maneno hayo yote.

Majina matatu hayakufutwa. Mmoja alirudi Opala na kaske yake. Mmoja aliiuza kwa mtu asiyemjua, njiani. Mmoja sikumpata kabisa. Basi mkiletewa kaske ya zamani, kabla ya kugusa waya, inueni sponji mtazame. Mkiona mashimo mawili ya mviringo, upana wa kitako cha glasi, ni mkono wangu. Msiirudishe barabarani, na mwambieni mwenyewe sababu ya kweli.

Kisha nikabadilisha kazi. Niliacha kisu. Nilitafuta spika nyembamba za visikizio, nikazilaza kwenye kile kibonde cha sikio ambacho mtengenezaji wa kaske ameacha mwenyewe, na pasipo na kibonde nilipunguza sponji, kamwe si frigoliti. Sauti ilikuwa ndogo kidogo mwanzoni, nikairudisha kwa makaa na karatasi, kwa kupata mahali pa sikio sawasawa. Baadaye zikaja hizi zenu zisizo na waya, za blututi, zinazokuja na gundi yake kwenye boksi, na bado mnaziweka mahali palepale. Mnaita namna ya Yaya Feza. Nimekuwa nikiwasikia mkiwaambia wanafunzi wenu, "Yaya alisema usiguse nyeupe," nao wanauliza kwa nini, nanyi mnasema ni kwa ajili ya sauti, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyowaambia. Si kwa ajili ya sauti. Namna ile haikutoka kwangu. Ilitoka kwenye sikio la Papa Bosco, na yeye hajui.

Karatasi hizi nilimpa Mado azisome kabla yenu, kwa sababu yeye ana shule nami sina. Sasa ni muuguzi wa miaka mingi. Alisoma amesimama, kisha akaketi, kisha akazikunja.

"Kwa hiyo haikuwa moshi," alisema.

"Haikuwa."

"Papa Bosco alikuja siku ya diploma yangu, Yaya. Alikaa kiti ya mbele kabisa. Nilidhani ni furaha. Kumbe alitaka kusikia jina yangu ikiitwa."

Nje Amisi alikuwa akiwasha pikipiki, inakataa.

"Utamutumia hizi karatasi?"

"Nilifikiri hivyo. Binti yake anaweza kumusomea."

"Hapana," Mado alisema. Aliongea nami polepole, kama anavyoongea na wagonjwa. "Usimutume binti yake kazi yako. Enda mwenyewe."

Papa Bosco haendeshi tena. Anakaa ng'ambo, Lubunga, anauza samaki pamoja na mke wake, ambaye sasa hahitaji kumpigia simu mara kumi na mbili kwa kuwa wamekaa meza moja. Nimejaribu kuvuka mara mbili tangu nianze kuandika. Mara ya kwanza nilifika hadi kwenye meza yao, akaniona kwa mbali, akapaza sauti, "Huyu ndiye aliniokoa," akamwambia muuza mafuta wa jirani, akamwambia na mteja, nami nikarudi na samaki wawili wakubwa aliokataa niondoke bila wao. Tuliwala siku mbili. Mara ya pili niliingia kwenye mtumbwi, nikatoka kabla haujaondoka.

Kaske yake ya zamani sikuipasua kwa shoka. Niliiweka kwenye sanduku chini ya kitanda miaka yote hii, ufa na shimo, kama vilivyokuwa. Sasa iko kwenye mfuko, nyuma ya mlango. Nitaifungulia sponji mbele yake aone mwenyewe, maana aliamini maneno yangu kwa muda mrefu na sioni haki ya kumwomba aamini mengine.

Mpaka ninapoandika mstari huu, hajaambiwa. Nikifika nitaketi upande wake wa kuume. Nisipoketi pale atasema, "Nini, Yaya? Rudia," na mimi sidhani kama nitaweza kulisema mara mbili.